Matairi Membamba

Shemeji yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba baiskeli yangu imevaa matairi mapya! Fundi alinionya, “Mzee, njia yenu nusu lami, nusu changarawe. Chukua mapana, yenye meno pembeni.” Nikakataa. Nilitaka membamba ya mbio, maana kila Jumamosi dada yako huendesha ubavuni mwa jirani yetu mwalimu, mimi nyuma nala vumbi lao.

Kwenye lami niliwapita, kitambi na vyote. Kwenye changarawe tairi likatoboka, nikaanguka kama gunia. Mwalimu akaziba pancha, dada yako akamshikia pampu, wakacheka. Shemeji, kicheko kile sijakisikia nyumbani siku nyingi, na aliyemchekesha si mimi.

Wako mwenye goti bovu,
Shemeji