Irine, Ukurasa wa Tarehe Tisa Tumeusoma

Mwaka umetimia, Irine, tangu tulipokulaza hapa Suji, kando ya baba yako. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, na waombolezaji waliopandisha kutoka Same walikuta tumeshafukia.

Mama yako bado huwasha simu kila Jumapili baada ya ibada. Ndiyo saa uliyokuwa ukipiga. "Shikamoo mama, leo umekula nini?" Naye: "Marahaba mwanangu. Makande, yapo hapa yanakusubiri." Sasa anaishika tu mkononi mpaka jua linapogeuka, kisha huenda kuwakatia mbuzi majani. Watu wakimuuliza kama ana upweke, hujibu kwamba nyumba ni kubwa, basi.

Ulizaliwa mlimani, ukaenda kusomea bahari. Mama aliwahi kukuuliza unatafuta nini kwenye maji ya chumvi. Ukachukua yai la kuku wake, ukalitumbukiza kwenye bilauri ya siki. Kesho yake gamba lilikuwa limeyeyuka, yai linabonyea. Ukamweleza kwamba moshi wa viwanda na magari hauishii angani. Hewa ya ukaa huingia baharini, maji yakachachuka polepole, na viumbe wenye magamba ndio huumia kwanza.

"Nimeelewa," mama akasema. "Lakini siku nyingine chukua yai la jirani."

Ulicheka hadi ukakaa chini.

Miaka kumi na minne ulipima maji yale, mara pwani, mara melini kwenye bahari kuu. Hukuruka mwezi hata mmoja, na hilo ndilo lililotuuma. Baba alipofariki ghafla ulikuwa melini. Tulijua habari imekufikia kwa redio. Siku ya maziko hukutokea. Ulifika siku ya nane, ukamkuta kaka yako Gidion amesimama mlangoni.

"Maji yako umemaliza kuyapima?" akakuuliza.

Ulikwenda kaburini peke yako, ukakaa huko hadi mvua ikakurudisha ndani.

Gidion hakusema nawe tena kwa miaka mitano. Salamu zako zilifika, hakuzipokea. Ulipougua alijiambia atakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa nyingine. Alipofika hospitali, sauti yako ilikuwa imekwisha. Ulimtazama tu. Alikushika mguu juu ya shuka. Kesho yake ulitutoka.

Mwezi wa Machi mwanafunzi wako Blessing alipanda Suji na sanduku la madaftari yako. Mama akamuuliza waziwazi: "Mwanangu, hebu niambie, kazi ile ilimfaa nani?"

Akatusimulia habari za akina mama wa pwani wanaofuga chaza. Kila mwaka chaza wachanga walikuwa wakifa, wenyewe wakidhani wamerogwa. Ni wewe uliyeonyesha kwamba zipo wiki chache ambazo maji machachu hupanda kutoka kilindini. Wakaacha kupandikiza wiki hizo, na chaza wao wakaishi. Wataalamu wa nchi nyingine nao wanazitumia namba zako, alisema, kwa sababu hazina pengo.

"Nionyeshe mwezi aliokufa baba," Gidion akasema.

Blessing akafunua. Tarehe tisa, vipimo vimeandikwa mara tatu. Chini yake, kwa mwandiko wako mdogo: "Baba anazikwa leo saa nane. Nimemwomba nahodha ageuze, hawezi, bandari iko mbali siku tano. Mikono inatetemeka, ndiyo maana nimerudia. Mungu, washike mama na Gidi."

Gidion alisoma, akarudia kusoma.

"Mbona hakuniambia?"

"Ulimpa nafasi?" mama akamuuliza.

Alitoka nje. Tulimwona kwenye shamba la tangawizi, amesimama tu, hana jembe wala panga.

Mwezi uliopita alishuka Same akapanda basi la Tanga. Ana miaka hamsini na mbili, hajawahi kuiona bahari. Blessing alimpeleka kwa wafugaji wa chaza. Mmoja wao, Bi Sabrina, alimkazia macho.

"Wewe ndiye Gidi? Daktari Irine alikuwa akikutaja hapa kila mara. Eti Upare nzima hakuna anayelima tangawizi kama kaka yake."

Gidion alikunja suruali, akaingia majini hadi magotini, akayasema yote aliyokunyima kwa miaka mitano. Wale akina mama wakageukia kazi zao ili wasimtazame.

Aliporudi, mama alikuwa kizingitini.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu, mama."

Mama akamsogezea kigoda. Wakakaa mpaka ukungu ukaufunika mlima wote.

Unakumbukwa na mama yako Dorkas, kaka yako Gidion na mkewe Honorata, mdogo wako Clemence, wanafunzi wako wakiongozwa na Blessing, na akina mama wa chaza. Ibada itasomwa nyumbani Suji Jumapili hii.

Maadamu tupo, Irine, hutatutoka moyoni.