Kaka Silvesta, Nimemshtaki Mwanao

Kaka Silvesta,

Nakuandikia kutoka Yoba, nimekaa kitandani na mto mgongoni. Figo zimechoka. Daktari ameniambia bila kuzunguka, nami nimemshukuru, maana watu wa umri wangu hupotezewa muda mwingi kwa maneno ya kutiwa moyo. Kabla sijakufuata, kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Nimemshtaki Deo, mwanao. Yuko gerezani hapa Gitega, anasubiri kesi.

Unakumbuka siku zako za mwisho kule Mwakiro, uliponishika mkono ukasema, "Deo ni wako sasa. Usimwache." Nikajibu kwamba sitamwacha, na sikusema hivyo ili ulale vizuri tu. Nilimleta mjini, nikamsomesha ualimu, na alipomaliza nikamwombea nafasi katika shule niliyokuwa nafundisha mimi. Alifundisha hesabu, tena vizuri. Jumapili alikuja kula kwangu na kunitania: "Shangazi, haya maharage yanahitaji mkaguzi." Nilimpenda. Bado nampenda.

Kazi yangu ya mwisho pale shuleni ilikuwa kusimamia ulinzi wa watoto. Wewe uliicheka: "Yaani wanakulipa ili uwe na wasiwasi?" Ndivyo ilivyokuwa. Niliwafundisha walimu mambo machache wasiyoyapenda. Mwalimu asikae na mtoto mmoja mlango ukiwa umefungwa. Mtoto asitumwe nyumbani kwa mwalimu kuchota maji wala kufua. Mtoto akikueleza jambo, msikilize, usimtilie maneno mdomoni, na usimwahidi kwamba utaficha. Hilo la mwisho liliwashinda wengi. Mtoto anayelia, ukimwambia kwamba siri itabaki kwenu wawili, hunyamaza upesi, nawe unajiona mtu mwema. Deo alikaa mstari wa mbele, akiandika.

Nilipostaafu, watoto wa mtaa waliendelea kuja barazani kwangu. Msimu wa mvua uliopita alikuja binti mmoja wa darasa la saba. Jina lake sitaliandika. Alikaa, akatazama miguu yake, akasema mwalimu wa hesabu humwita nyumbani kwake amfulie nguo, na kwamba yeye hataki kwenda tena. Aliyoniambia baada ya hapo ni yake; hata wewe sikuambii. Kisha akasema, "Bibi, usimwambie mtu. Najua Mwalimu Deo ni mtoto wako."

Nilinyanyuka kuchemsha chai. Kule jikoni, Kaka, sikuwa msimamizi wa kitu chochote. Nilikuwa shangazi. Niliwaza nimwite Deo, nimkaripie, nimrudishe Mwakiro akalime shamba lako. Jambo lingeisha. Binti angepona, au sisi tungesema amepona. Halafu Deo angepata shule nyingine huko, penye watoto wengine wasio na baraza la kukimbilia. Maji yakachemka.

Nilirudi na chai nikamwambia, "Siwezi kukuahidi hivyo. Nitawaambia watu wanaoweza kumzuia, na wakikuuliza nitakuwa nimekaa karibu nawe." Alilia. Baadaye akanywa chai. Asubuhi yake nilikwenda na mama yake kwa direkta wa shule, na kutoka hapo tukaenda polisi.

Ndipo mkeo, mama yake Deo, alipokuja, na wazee wawili wa ukoo, wamebeba jerikani ya pombe ya mtama. Walikuwa wameanzia Gishubi, anakolima baba wa binti. Alikunywa nao, na kwake yeye neno limekwisha. Nilibaki mimi tu: nivute pombe hiyo kwa mrija pamoja nao, kisha niende polisi nikaseme nilisikia vibaya, mimi mzee, masikio yamekufa. Mrija huo unaujua. Ukishauvuta mbele ya wazee, hakuna wa kulifufua jambo tena. Ndivyo ulivyomaliza ugomvi wako wa mpaka na jirani, nami nikiwa nimekaa hapo hapo, nikafurahi.

"Kunywa, wifi," mkeo akaniambia. "We uko mgonjwa, mi niko mjane. Tunatafuta nini ingine?"

Nikamwambia mpaka wa shamba ni wa wenye shamba, wanaweza kuumaliza kwa pombe. Hili ni la mtoto. Si letu, wala si la baba yake.

"Ni ya mtoto gani?" akasema. "Deo si mtoto?"

Sikuvuta mrija. Mzee aliyekuwa ameuelekeza kwangu akaurudisha jerikani.

"Basi utazikwa na wanafunzi wako," akasema mkeo wakati wa kuondoka. Mzee mmoja alicheka kidogo, kisha akaacha. Tangu siku hiyo mkeo hapokei simu yangu, na nimeambiwa kule Mwakiro sina nafasi karibu yako.

Binti amerudi darasani. Siku nyingine anakuja, hatuyazungumzi yale. Yeye anasoma, mimi nasinzia. Kazi yangu amepewa mwalimu kijana, mchangamfu. Nilimwambia, "Siku moja mtoto atakutajia jina la mtu unayempenda." Akaitikia kwa adabu; sidhani kama alinielewa.

Nimemtembelea Deo mara moja tu, miguu hainiruhusu zaidi. Aliniambia, "Shangazi, ulimwahidi Baba." Nikasema ndiyo. Tangu hapo namtumia chakula kila Jumapili kwa mkono wa binti yangu Klodine. Vyombo vinarudi vimeoshwa, bila salamu.

Sijui kama nimeivunja ahadi yako. Nimeigeuza pande zote, na jibu linabadilika kulingana na maumivu ya siku hiyo. Lakini kuna mawili ninayokuahidi sasa. Siku ya kesi, nikiwa bado napumua, nitabebwa hadi mahakamani na nitasema nilichosikia, bila kupunguza. Na chakula cha Deo hakitakatika. Klodine amekubali, ingawa hakupenda.

Nikuache hapa, mkono umechoka. Nikifika huko, usiharakishe kunikaribisha. Kasirika kwanza, ni haki yako. Nitakaa pembeni ningoje.

Mdogo wako,
Marita