Edson na Shikamoo za Jioni

Ngokolo,
Shinyanga.
12 Mei, 2026.

Mpendwa Dada Paskazia,

Shikamoo. Edson hapofuki. Dk. Mariana wa kliniki ya macho ametuambia hivyo leo asubuhi, nami nilikuwa nimekaa kando ya mwanao. Nimetanguliza hilo kwa sababu najua usingesoma lingine kabla yake. Sasa nikuulize: mgongo unaendeleaje, na baridi ya Songea? Sisi wazima. Mvua zimekatika na pamba ya Mama imeanza kupasuka.

Ulihofu ni ugonjwa uliompofusha Baba. Hata mimi nilihofu. Lakini dalili iliyomsaidia daktari ilitoka kwa jirani yetu, Mama Bujiku, aliyekuja kulalamika kwamba Edson ameota mapembe tangu aanze kujifunza usonara. "Asubuhi ananiamkia toka ng'ambo ya barabara," alisema. "Jioni ananipita kama nguzo ya umeme!" Wakubwa wengine nao walikwisha kununa.

Nilimweleza daktari hayo. Akasema ugonjwa wa Baba haupumziki usiku ukamwacha mtu aone vizuri kila asubuhi. Akamtia Edson matone ya kulegeza misuli ya ndani ya jicho, tukangoja, kisha akampima tena. Herufi ndogo za mbali, zilizomshinda mwanzo ingawa ilikuwa asubuhi, alizisoma karibu zote.

Maelezo yake ni haya: kutwa nzima kijana anaunga vijipete vya mkufu, uso umekaribia kugusa meza. Misuli inayosaidia jicho kuona karibu inakaza, na jioni inagoma kulegea. Ile miwani ya kuonea mbali aliyojinunulia mnadani bila kupimwa, akaivaa hata kazini, iliikaza zaidi.

Ameiacha. Amepewa nyingine ya kazi za karibu tu, na kila baada ya muda mfupi lazima ainue kichwa atazame mbali.

Tulipotoka tulipitia kwa Mzee Jashvant, sonara wake. Nilitegemea atamwachisha kazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi atazame duka la Marwa, kule mwisho wa barabara. Nikimkuta hajatazama, namgombeza mimi."

Mkewe, Mama Chirag, akadakia kutoka kaunta: "Duka, baba, siyo wasichana wanaopita!"

Edson, aliyekuwa bado anakunja uso kwa mwanga kutokana na yale matone, alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Pasaka.

Kwa hiyo ombi lako kwamba nimtoe kwa sonara nimeliweka pembeni. Anataka kubaki, na daktari hakumkataza.

Mama anakusalimu, pia Mageni na wanawe. Mungu akulinde huko uliko na akurudishie usingizi, maana najua ulikuwa huupati.

Tunarudi kliniki Jumanne, tarehe 9 Juni, jioni baada ya kazi, kwa kuwa daktari anataka kuyapima macho yakiwa yamechoka. Mpaka siku hiyo kipimo chetu ni Mama Bujiku: amesema atasimama ng'ambo kila jioni, akidai shikamoo yake.

Mdogo wako anayekupenda,
Selestine