Noti ya Zaire Milioni Tano

Jumatatu, 3 Novemba
Uji. Kumnawisha Papa. Kisha mashine yangu ya kushona. Nikageuka, kiti chake kitupu. Nimemkuta kwenye farmasi ya barabarani, hapahapa mtaani kwetu Ndosho, anamnyooshea dada muuzaji noti ya zaire milioni tano, pesa iliyofutwa zamani. Anataka kinini, dawa ya malaria ya Mama. Watu wanacheka. Niliona haya. Kisha nikajichukia kwa kuona haya.

Jumatano, 5 Novemba
Ametoroka tena, akili yake imerudi zamani. Noti ileile.
Mama alikufa nikiwa na miaka sita. Papa alikuwa dereva wa kamyo, akibeba maharagi kutoka mji wa Kiwanja. Patron, mwenye kamyo, alimlipa kwa noti hizo, mpya kabisa. Serikali ilikuwa imezitoa juzijuzi tu, na wafanyabiashara wakazikataa. Papa akazunguka farmasi zote, mshahara mzima mfukoni, Mama anatetemeka na malaria nyumbani. Hakuna aliyepokea. Baadaye feza ikabadilishwa, mwishowe zaire yenyewe ikafutwa. Zingine alizichoma. Moja akaiweka. Sababu hajawahi kuniambia.

Ijumaa, 7 Novemba
Amepotea tangu asubuhi. Mvua. Jioni motari mmoja amemrudisha kwa pikipiki yake. Alimuokota njia ya Kibati, miguu inatoka damu.
"Watu wa Goma wako na roho mubaya," Papa ameniambia. "Kahindo atanifia."
Kahindo ni Mama. Tangu mazishi sijamsikia akilitaja jina hilo. Nimeshindwa kula.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimekwenda kwa dada wa farmasi, nikamlipia vidonge mapema. Nimemuomba dada huyo kwamba Papa akija, aipokee noti na kumpa vidonge. Hakuuliza mengi.
Papa alipofika, mimi nyuma yake, dada aliishika noti kwa mikono miwili. "Aksanti, muzee. Mama apone."
Miaka mingi sijamwona Papa akitembea vile, haraka, kichwa juu. Alinitangulia. Nikafikiri yamekwisha. Mjinga mimi.
Nyumbani aliingia chumbani. Akatoka. Akaangalia jikoni, akazunguka nyuma ya nyumba.
"Mama yako ako wapi? Dawa iko hapa."
Akaniangalia mpaka akaelewa.
"Nimechelewa?"
"Ndiyo, Papa."
Amelia kama mtu aliyefiwa leo. Kwake ni leo. Nami nimelia, kilio ambacho wakati ule nilikuwa mdogo mno kukilia.

Jumapili, 9 Novemba
Hatukwenda misa. Papa amewaambia majirani kwamba amefiwa na mke, na hawakumpinga. Wamekuja kukaa nasi. Mama Furaha wa nyumba ya pili ameleta sombe na bugali. Papa amekula kidogo.
Amewasimulia juu ya Mama. Kwamba alimkataa mara mbili kule Butembo kabla ya kukubali kuolewa. Kwamba aliogopa ziwa, hata kunawa miguu ukingoni alikataa. Kwamba alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. Sikuyajua hata moja.
Majirani wamekwenda. Papa amelala. Nimekaa karibu naye, nasikia anavyopumua.