Tochi ya Kufika Uzioni

2 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Kifua kimepona, au bado unalala na madirisha wazi kama nilivyokukataza? Mimi mzima wa mwili, ila roho iko juu juu. Wezi wa nyaya wameingia tena hapa yadi. Mlinzi mwenzangu, Mzee Filimbi, aliwafuata hadi uzioni, wakampiga kwa chuma kichwani. Yuko hospitali, hasemi, hamtambui hata mkewe.

Tochi tulizopewa zinamulika vidole vya miguu, basi. Wewe ndiye fundi wa redio, nitengenezee tochi ya kufika uzioni. Nataka nimwone aliyempiga yule mzee, nimtaje mbele ya watu.

Mdogo wako anakusalimu. Amepata vibarua vya usiku, na kila akirudi ananiletea mkate.

Mama yako

19 Machi

Shikamoo Mama,

Kifua kimepona, na madirisha nafunga, karibu yote. Pole sana kwa Mzee Filimbi. Sijasahau alivyoniazima koti lake siku ya mvua, na mpaka leo hajalidai.

Tochi hiyo hapo. Nimeiunda juu ya meza ninayolia chakula, jirani akilalamika moshi wa kulehemu. Mwili ni bomba la alumini. Taa nimeilehemu juu ya kipande cha shaba ili joto lipate pa kwenda. Ya kwanza niliiweka bila shaba, ikaungua kabla sijamaliza kuisifu. Mbele nimefunga bakuli la taa ya pikipiki, nikalisogeza kidogo kidogo mpaka mwanga ukakusanyika. Swichi ina hatua mbili. Ya pili usiifunike kwa nguo, mimi imenitoboa shati. Nimemulika ghala la ng'ambo ya bonde nikasoma maandishi yake. Sasa hakuna atakayefika kwenye uzio huo usimjue.

Mwambie dogo aache uvivu wa kuandika.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Tochi ilifika. Yadi nzima inaijua, maana siku ya kwanza nilitamba nayo bila haya. Nilimsomea msimamizi maandishi ya tangi la maji nikiwa getini, nikawaambia madereva kwamba sasa mwizi nitamhesabia meno.

Je, inaweza kupunguzwa? Inaumiza macho.

Mama yako

15 Aprili

Shikamoo Mama,

Barua yako fupi imenitia wasiwasi. Watu huniletea tochi niziongeze nguvu. Kupunguza nasikia kwako tu. Bonyeza hatua ya kwanza. Au kuna jambo? Hukusema Mzee Filimbi anaendeleaje, wala hukuleta salamu za dogo. Wewe unaweza kusahau miwani, lakini si kitinda mimba wako.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sijui nianzie wapi. Mzee Filimbi amefariki, tumemzika.

Wale wezi walirudi siku chache baada ya tochi kufika. Nikabonyeza hatua ya pili. Mmoja alikuwa uzioni na nyaya begani, akageuka, akaziba macho kwa mkono. Nilimjua kabla hajaziba. Yule nilimzaa mwenyewe. Nilizima tochi, nikakaa chini, wakaondoka.

Nyumbani nilimuuliza kama ndiye aliyempiga mzee. Akalia, akasema alipiga mara moja tu, alitaka mzee aliachie shati lake.

Sasa mpelelezi haniachi. Dereva mmoja aliona mwanga wangu usiku ule. Mpelelezi mwenyewe amesimama niliposimama, akamulika, akaona mpaka vifungo vya askari wake kule uzioni. Nikisema sikuona, nani ataniamini, na nilivyotamba? Nimejikaanga kwa mafuta yangu. Nimemwambia tochi ilikuwa inawaka na kuzima, naye anataka neno la fundi. Niandikie kwamba ni mbovu. Nakuomba, baba, sina mwingine wa kumwomba.

Mama yako

9 Mei

Shikamoo Mama,

Barua ya kumpa mpelelezi iko ndani ya bahasha hii. Nimesema niliunga waya vibaya, nikatia sahihi. Dogo nilimfundisha baiskeli mimi, siwezi kumtupa. Lakini nimelia nikiandika. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, na niliifanya kwa ajili ya Mzee Filimbi. Ukiitumia au usipoitumia, sitakulaumu.

Mwanao

24 Mei

Mwanangu mpendwa,

U hali gani? Mimi nipo. Nilikwenda na barua yako. Kwenye benchi nje ya ofisi ya mpelelezi nilimkuta mjane wa Mzee Filimbi. Akanishika mkono akasema, "Dada, wote wanasema hawakuona. Nakutegemea wewe, maana mwanao alikuundia taa." Kisha akaniuliza kama kifua chako kimepona.

Nikaingia. Barua ilibaki mkobani. Nikamtaja.

Walikuja kumchukua jioni, nami niko mlangoni. Walimmulika kwa tochi yako, ndiyo waliyokuja nayo, akaziba macho kwa mkono vile vile. Mpaka leo nikimpelekea chakula hanisemeshi.

Tochi wameishikilia mpaka kesi iishe. Wakiirudisha nitakutumia, uifungue, vipande vyake uvitie kwenye redio za watu. Msimamizi amenirudishia ile ya zamani, nayo inanitosha.

Mama yako