Saa ya Mzee Nassor

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Kwa Elia,

Kamwene, mume wangu! Nimeandika hayo maneno mawili, "mume wangu", nikaweka kalamu chini nikacheka peke yangu kama mwehu. Wiki ya saba tangu harusi na bado sijayazoea. U mzima? Kile kikohozi cha vumbi la mbao kimepungua? Na mama, miguu yake inaendeleaje na baridi ya Mafinga? Mwambie sweta alilonifumia ninalo, ila kwa joto la huku nalikunja nalifanya mto, na kila nikilaza kichwa nasikia harufu ya moshi wa jikoni kwenu. Kwetu, samahani. Bado najifunza.

Mimi ni mzima kabisa, namshukuru Mungu, na wewe nakushukuru pia. Si kila mwanamume angekubali mkewe arudi Dar siku kumi baada ya harusi kumalizia mkataba wa kuhudumia wazee. Najua wenzako hapo kwenye mashine ya mbao wanakucheka, wifi ameniambia. Wacha wacheke. Uliniambia simu ukishakata imekwisha, lakini barua unaiweka mfukoni mwa shati. Basi leo nakujazia mfuko.

Unamkumbuka Bi Zuwena niliyekusimulia, yule bibi mwenye asili ya Kiarabu? Yeye na mumewe, Mzee Nassor, waliishi Chang'ombe miaka mingi, mzee akiuza vitambaa na kushona barazani. Hapa kituoni ndio waliokuwa mume na mke pekee, kwa hiyo walipewa chumba chao, namba nne, wakati wengine wote wanalala wodini. Nilipomwonyesha picha yako aliivuta karibu na miwani akasema, "Mwanaume mrefu hivi anakula nini? Utapika mpaka mikono iote sugu." Mzee Nassor akajibu kutoka kitandani, "Mbona wewe hukuota?" Bi Zuwena akamrushia kitambaa cha kufutia miwani. Ndivyo walivyokuwa.

Mzee amefariki, Elia. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, ameegemea mto, kikombe cha kahawa bado mkononi. Nililia kama niliyefiwa na babu yangu mwenyewe.

Sasa kwa Waislamu mwanamke akifiwa na mume anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Anakaa ndani ya nyumba ya mumewe na hajipambi. Bi Zuwena alivua hereni, akavua bangili, akavua pete, akazifunga kwenye leso. Na saa ya kituo akaivua pia.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Hizi saa si za kuangalia muda tu. Zinahesabu mapigo ya moyo, na mzee akianguka, tableti iliyo mezani kwa nesi inalia na kuandika jina lake na chumba chake, tunakimbia. Siku hizi wafadhili wametuletea za rangi ya dhahabu, ukigusa kioo linawaka ua. Vibibi vyetu vinazipenda mno, vinashindana ua la nani linang'aa zaidi. Bi Zuwena ameshaanguka mara mbili mwaka huu, na amri ya mkuu wa kituo ni kwamba aliyewahi kuanguka halali chumba cha peke yake bila saa. Anahamishiwa wodi kubwa, karibu na meza ya nesi.

"Siendi wodini," Bi Zuwena aliniambia. "Hapa ndipo kwa mume wangu. Eda yake nitaikalia hapa."

"Basi vaa saa, bibi yangu."

"Na ua linawaka mkononi? Udongo wa kaburi la Nassor haujakauka, mie niwe na dhahabu inayometameta?"

Binti yake aliye Tanga alimuuliza shehe wao kwa simu. Shehe akasema inafaa, kile ni kifaa cha matibabu, si pambo. Bi Zuwena akasikiliza mpaka mwisho. "Shehe amesema kweli, Mungu amlipe. Lakini mie naona haya." Ungemjibu nini, Elia? Haya ya mtu huwezi kumvua.

Mkuu akatoa muda mpaka Jumamosi. Siku hizo bibi wa watu akaacha kula. Chai ilikuwa inapoa mezani, na yeye anatazama tu lile dirisha ambalo mzee alikuwa akilifungua kila asubuhi.

Mie mkeo nikajiona mjanja. Nikakata kipande cha kitambaa cheusi, nikaishonea ile saa ya dhahabu mfuko mdogo wa kuufunika uso wote. Akaivaa asubuhi moja. Alipotawadha kitambaa kikalowa, ua likaonekana linawaka kwa ndani kama taa chini ya shuka. Akaivua, akanipa. "Ahsante mwanangu, umehangaika. Lakini hata ungeifunika kwa blanketi, mie najua iko."

Ijumaa asubuhi ilikuwa zamu yangu ya kuchaji saa. Tunazipanga juu ya kabati, na kwenye droo zipo zile za zamani, nyeusi, nene, za mpira, zisizo na ua wala nini. Nikaona moja ambayo mkanda wake ulikatika ukafungwa kwa uzi wa bluu, mshono mdogo mdogo uliolala sawa kama wa mashine. Nani mwingine hapa kituoni angeshona mkanda wa mpira? Mzee Nassor alikataa saa mpya, akasema ya kwake bado inapumua. Alipofariki binti yake alichukua nguo na msahafu, lakini saa ni mali ya kituo, ikarudi drooni.

Nikaichaji. Nikamwita Nesi Devota, yule Mhaya wetu mkali, akabeba tableti yake, tukaenda namba nne.

Bi Zuwena aliipokea akaigeuza. Akapitisha kidole juu ya uzi wa bluu, akaunusa.

"Hii nilimshikia mimi taa akishona," akasema. "Akinifokea, Zuwena usitikise."

"Ni pambo, bibi?" nikauliza kwa woga.

"Pambo gani? Hii ni ya mwenye nyumba." Akanyoosha mkono.

Nilifunga mimi. Nesi akawasha tableti, na kabla hajagusa chochote likatokea jina: Nassor, chumba namba nne. Chini yake mstari wa kijani ukaanza kupanda na kushuka. Moyo wa mke, jina la mume.

Bi Zuwena akavaa miwani. "Liache hivyo hivyo."

"Haiwezekani, bibi," Nesi Devota akasema. "Ikilia ikaniambia Nassor ameanguka, nikimbilie makaburini?"

Nikafumba macho. Nikasema leo tumeharibu. Kumbe Bi Zuwena alikuwa anacheka! Anacheka mpaka miwani inateleza, mara ya kwanza tangu msiba. "Na ungemkuta amekunja uso, unamsumbua."

"Basi, Nesi," nikasema, "andika Mke wa Nassor."

"Wewe Tumaini, hii ni tableti, siyo daftari lako la mapenzi." Lakini vidole vyake vilikuwa vinaandika.

Jumamosi mkuu alikuja na orodha yake. Akasimama nje ya namba nne, akatazama tableti ya nesi. "Mke wa Nassor ni nani?" Bi Zuwena akajibu kutoka ndani, mlango umerudishwa nusu, "Ni mimi, mwanangu. Na sihami." Mkuu akatazama mstari wa kijani, akakata jina la Bi Zuwena kwenye orodha ya wanaohama. Mchana huo bibi alikula wali sahani nzima, akadai na ndizi.

Unakumbuka siku ya harusi, shangazi yako aliponitambulisha, "Huyu ndiye mke wa Elia," nikanuna mpaka kwenye keki? Nilisema mimi nina jina langu. Mwombee mkeo msamaha kwa shangazi. Sikujua kwamba kuna watu wanaligombania jina hilo hata mume akiwa hayupo, na mimi nimepewa na wa kwangu yupo, mzima, anakohoa vumbi la mbao.

Msalimie mama, mwambie nakunywa maji ya kutosha. Msalimie baba mkwe na mizinga yake ya nyuki. Wifi Neema, mpasha habari wetu, mwambie aendelee kunipasha. Shangazi mpe salamu mbili. Bi Zuwena anakusalimu, anasema ule vizuri lakini usimchoshe mpishi.

Kunja barua hii, iweke upande wa moyo. Mkataba ukiisha nakuja kuitoa mwenyewe.

Ni mimi,
Mke wa Elia