Kikombe Nisichokionja

Jumatatu, 3 Juni
Nimefagia, nimekoka moto, nimerudi kumtazama Elia akiwa bado amelala. Wiki ya tatu ya ndoa. Mume wangu. Naandika tena: mume wangu. Mama mkwe amekwenda Kasulo kumuuguza bintiye, kaniachia kilabu. Miaka yote hiyo anauza urwagwa hapa Ntobeye, na watu wanampenda kuliko hiyo pombe ya ndizi yenyewe. Sitamwangusha. Nimenunua vikombe vipya vyenye vifuniko na kuvichemsha. Mteja atapokea kikombe kisichoguswa na mdomo wa mtu. Elia kasema nina akili. Nikacheka peke yangu hadi kisimani.

Jumatano, 5 Juni
Mzee Bazili alikuja, mteja wa Mama wa tangu zamani. Nikamwamkia, nikampa kikombe kwa mikono miwili.
"Marahaba. Bibi harusi, wewe hunywi?"
"Hapana babu, hiki ni chako."
"Haya. Na mimi nitakunywa kesho."
Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kikombe kilibaki kimejaa.

Ijumaa, 7 Juni
Wateja wanne. Elia ananiita ua lake.

Jumanne, 11 Juni
Hakuna mtu. Jirani yangu Leokadia kaniambia mlangoni, bila kuingia. Hapa anayekupa pombe hunywa kwanza yeye, funda moja, mbele yako, ndipo akukabidhi. Mama hufanya hivyo kwa kila kikombe.
"Wanauliza umetia nini humo ambacho mwenyewe hukigusi. Halafu Deo, aliyekunywa hapa Ijumaa, kaumwa tumbo."
Kwetu Biharamulo hatukuweka pombe nyumbani. Shuleni nilifundishwa usafi. Nimemuuliza Elia mbona hakuniambia. Kasema, "Nilidhani unajua. Nani asiyejua?"
Nimelia. Amenikumbatia. Nampenda sana.

Alhamisi, 13 Juni
Siku ya gulio. Nimesimama nje na mtungi. Nimeonja kila kikombe, funda kubwa, wote wakiona. Nimeonja hadi kichwa kikaniuma.
"Leo anaonja kwa kuwa kaambiwa," akasema Deo.
"Na dawa ya kujikinga ameshainywa nyumbani," mwingine akadakia.
Mzee Bazili hakucheka. Ni afadhali angecheka.

Jumanne, 18 Juni
Mama amerudi. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda chake, akaonja, akawapelekea vikombe mwenyewe waliokuja kumsalimu. Walimshukuru kwa adabu. Mmoja kasema anatumia dawa za hospitali. Mmoja kasema kaacha pombe. Mzee Bazili kasema ana haraka, na hajawahi kuwa na haraka.
Jioni Mama kamwaga mtungi mzima migombani. Kasema, "Sasa hata mimi wananiogopa." Kisha akaenda kulala bila kula.
Nimemharibia. Hakuna cha kurekebisha. Ningekuwa mwizi ningerudisha.

Ijumaa, 21 Juni
Kilabu kimefungwa. Elia anasema tukauzie Kabanga, mpakani, watu hawatujui. Mama kasema kwa wasiomjua hana cha kuuza.

Jumapili, 23 Juni
Tumetoka misa. Benchi letu tulikaa watatu tu.
Nilimpikia Elia uji, nikamtilia kikombeni. Aliupokea, akauweka gotini, akaanza kuzungumzia maharage. Akazungumza muda mrefu. Mvuke ukaisha. Sidhani alijua kwamba anasubiri.
Nikakichukua kikombe mkononi mwake, nikanywa funda moja, nikamrudishia.
Akanywa wote.
Nimeosha vyombo. Mama amerudi kulala.